Nilivyofungua Kampuni ya Magodoro Ugenini

Akina mama wa kikundi, mwenyekiti ameniomba nieleze ilikuwaje mgeni kama mimi nikawa na kampuni hapa Kariakoo. Mnivumilie, maana miaka ile naikumbuka kama mtu anayeamka polepole.

Nilitoka Ngazija, kule visiwa vya Komoro, nikiwa mjane kijana, enzi za Ujamaa, redio ikituhimiza kujitegemea asubuhi hadi jioni. Kazi niliyoijua ni moja, kushona magodoro ya sufi. Nilipanga chumba uani kwa bibi mmoja mwenyeji, na ghala nikapata Jangwani, kodi yake nafuu. Akina dada watatu kutoka Lindi walishona nami. Tukichambua sufi ilipaa, ikaelea mlangoni, ikatua kwenye nyusi na khanga zetu. Ndugu zangu, nawaambia, tulikuwa kama tunaishi ndani ya wingu.

Bweni moja la shule likataka magodoro mengi, ila wanunue kwa kampuni iliyoandikishwa, siyo kwa mwanamke wa uani. Nikaenda kwa msajili wa makampuni. Karani akanitazama kwa huruma.

"Dada, wewe si raia. Halafu kampuni haiandikishwi na mtu mmoja. Wenzako wako wapi?"

"Sina ndugu hapa, kaka."

"Basi tafuta kwanza wenyeji wa kushika hisa."

Nilimwomba mfanyabiashara mmoja, akacheka. Mwingine hata hakunijibu. Kisha masika yakaja, Jangwani yote ikawa maji. Nilisimama barabarani nikiitazama sufi yangu imetanda juu ya tope, ikienda zake taratibu, nyeupe, nzuri kuitazama. Uzuri ule ndio ulioniuma.

Nikalala kitandani siku kadhaa. Chakula hakipiti. Nilizungumza na marehemu mume wangu kana kwamba amekaa miguuni pangu, nikamwambia narudi nyumbani.

Asubuhi moja bibi mwenye nyumba aliingia na wale dada watatu. Mkubwa wao akasema, "Tumesikia unatafuta wenyeji. Kwani sisi ni nani?"

"Ninyi mnanishonea."

"Ndiyo. Na ni raia. Tuandike."

Hapo nikasita, jamani. Hisa sawasawa maana yake kampuni isingekuwa yangu tena. Nikasema wazi, "Mtaweza kunitoa siku mkitaka."

Bibi akadakia, "Na wewe utaweza kupanda meli siku ukitaka. Sasa mnatishana nini?"

Tukacheka sote. Nikainuka, nikaomba maji ya kuoga.

Haikuwa rahisi. Tulizungushwa ofisini mpaka viatu vikalika, na sufi tukaanza kuitafuta upya. Lakini siku karani aliposoma majina yetu kwa sauti, langu likiwa katikati ya yao, nilihisi sakafu imekuwa laini chini ya miguu.

Namshukuru bibi yule, Mungu amlaze pema. Nawashukuru dada zangu. Na wewe uliye ugenini na jambo lako moyoni, usihangaike na wenye majina makubwa. Waambie shida yako wanaofanya kazi nawe, mapema, kabla hujalala kitandani ukageukia ukutani.

Mmoja wa dada zangu ametangulia. Hisa zake anazo binti yake. Kila asubuhi akifungua mlango wa karakana ananiamkia, "Shikamoo, mama," nami naitika marahaba, halafu naugusa ule mlango, nihakikishe siko ndotoni.