Bertila Ngollo na Mbayuwayu wa Barazani

Marehemu Bertila Ngollo alizaliwa mwaka 1919 jirani na Puge, wilayani Nzega, binti wa mzee Ngollo Mahona, mfugaji. Tangu utoto alikuwa mtu wa kuchungulia: alijua mjusi yupi wa ukutani amekatika mkia, na kuku yupi anaficha mayai.

Shule hakupelekwa, na jambo hilo lilimkera maisha yake yote. Mwaka 1971 alijiunga na kisomo cha watu wazima, akitaka kusoma habari za ndege. Kitabu alimrudishia mwalimu.

"Pamba, mbolea, pamba tena," alisema. "Ndege hamkuwaona?"

Tarehe 18 Juni 1938 alifunga ndoa na Alois Lugembe. Walilima karanga na mahindi. Kila mwaka mbayuwayu walijenga kiota juu ya baraza lao. Mumewe alipolalamika kwamba wanachafua kiti chake, aliambiwa asogeze kiti.

Septemba 1974, watu walipohamishiwa vijijini, lori lilifika makinda wakiwa bado hawajaota manyoya. Bertila aliomba wiki mbili tu.

"Mama, kijiji kizima kisubiri ndege?" mwenyekiti, ndugu Shilinde, alimjibu.

Vijana wakapanda kung'oa paa. Alisafiri na kiota mapajani, akawalisha makinda kumbikumbi kwa ncha ya kidole. Wakafa mmoja mmoja. Tangu hapo kila mkutano alisimama kulisema jambo lile, watu wakicheka, mpaka wakaacha kumpa nafasi. Nyumba mpya aliijengea baraza, lakini hakuna mbayuwayu aliyekuja. Alikaa pale jioni, na aliyemwambia azoee alijibiwa kwa mgongo.

Mapema mwaka 1977 moyo ulianza kumsumbua na miguu ikavimba. Alilazwa mjini Tabora. Ndugu Shilinde alikwenda kumjulia hali.

"Shikamoo mama. Yale ya zamani si yamekwisha?"

"Marahaba. Kwako yamekwisha."

Alifariki tarehe 9 Julai 1977, alfajiri.

Familia iliombwa iandike hapa kwamba alikuwa amesamehe. Marehemu hakusema hivyo, nayo familia haitamsemea.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, na dada yake Flavia wa Isevya. Mungu ampokee jinsi alivyo, ampe pumziko la amani.