Marehemu Adelard Kabyemera na Sura Aliyoiacha

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi Auleria, mdogo wake wa kike, kazi ya kueleza maisha ya Marehemu Adelard Kabyemera. Nitasoma hadi mwisho, jambo ambalo yeye hakulizoea, na sababu yake mtaisikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Novemba 1908 huko Kanyigo, Wilaya ya Bukoba, mtoto wa pili wa Mzee Apolinari Kabyemera na Mama Felicitas. Mwaka 1918 alianza shule ya misheni. Alikuwako mwalimu mmoja aliyewasomea hadithi kila Ijumaa, na kengele ikilia alifunga kitabu papo hapo, hata kama simba yuko hatua mbili kutoka kwa mwindaji. Ijumaa moja Adelard alimfuata hadi nyumbani kuuliza simba alifanya nini. Mwalimu akamkabidhi kitabu akasome mwenyewe. Alisomea njiani, akachelewa, baba akamchapa, wala hakujuta. Alimaliza masomo mwaka 1926.

Mwaka 1929 alikuja Dar es Salaam, kwa meli hadi Mwanza kisha kwa treni, akawa karani wa stoo katika Reli. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na miwili bila kuipenda hata siku moja.

Tarehe 20 Juni 1936 alifunga ndoa na Benedicta katika kanisa la Kashozi, wakajaliwa watoto watatu. Wifi yangu atanisamehe nikisema kwamba mumewe alimchosha kwa jambo moja tu: hakuweza kumaliza habari. Alirudi na habari ya ugomvi wa mtaa wa pili, akaifikisha pale panaponoga, kisha akaomba chai. Ilimbidi wifi ajitande khanga aende mwenyewe kuulizia.

Tarehe 3 Machi 1951 ilifunguliwa maktaba ndogo hapa Temeke, chumba kimoja chenye vitabu mia tatu na kumi na viwili, naye akapewa kuisimamia. Hapo ndipo kaka yetu alipopata kazi yake. Vijana waliogopa vitabu, wakidhani ni mitihani. Yeye hakumwambia kijana yeyote kwamba kitabu kitamfunza adabu. Alimsimulia hadithi hadi panapokata pumzi, akafunga kitabu, akasema, “Mie nimeishia hapo. Kamalizie, uje unieleze.” Ulikuwa uongo mtupu, maana hakutoa kitabu ambacho hakukisoma chote. Alisema anayependekeza kitabu asichokijua ni sawa na anayeuza dawa asiyoijua. Vijana walikwisha kumgundua, wakampa jina la Mzee Nimeishia Hapo, lakini vitabu walichukua.

Mwishoni mwa mwaka 1956 kisukari kilimshika macho. Alimwambia mkewe peke yake. Januari lilifika kasha la vitabu vipya sitini, naye hakuweza kusoma hata kimoja. Aliogopa kuondolewa kazini, na zaidi aliogopa kukaa nyumbani bila wale vijana. Basi akaanza kupendekeza kwa kukisia, kwa kupapasa unene na kusomewa jina la kitabu na yeyote aliyepita. Hilo lilikuwa kosa, na mwenyewe alitaka lisemwe leo.

Anselmo, kijana wa miaka kumi na minne, alikuwa amefiwa na mama yake mwezi huo. Marehemu alimpa kitabu chembamba akidhani ni cha kuchekesha, kumbe kinaanza na mazishi ya mama. Anselmo alikirudisha, hakuja tena. Samiha, binti wa Mzee Muhdhar mwenye duka linalotazamana na maktaba, alikuwa amekisoma kitabu hicho. Alikuja na hasira.

“Shikamoo Mzee. Mbona umempa Anselmo kitabu hiki, nawe mwisho wake unaujua?”

“Siujui, mwanangu,” alijibu. “Hata mwanzo wake siujui. Sioni.”

Siku ileile alimwomba Samiha amshike mkono hadi kwa kina Anselmo, akamwomba kijana radhi mbele ya baba yake. Anselmo alimsamehe, ila maktaba hakurudi.

Tangu hapo, kila siku baada ya sala ya alasiri, Samiha alimsomea Marehemu kwenye benchi la duka, baba yake akiwa ndani anajifanya anapima sukari. Mara nyingi mizani ilisimama tupu wateja wakisubiri. Hivyo kaka yetu alivijua vitabu vyote sitini, akaendelea kupendekeza bila kukisia tena. Niseme wazi kwamba ile ndiyo miezi niliyomwona ana furaha kuliko yote.

Julai mwaka huu figo zilianza kuchoka. Samiha alimfuata nyumbani na kitabu cha baharia aliyerudi kwao baada ya miaka ishirini. Jumapili hii iliyopita ilibaki sura moja. Marehemu alimzuia asiisome.

“Mpe Anselmo. Mwambie mie nimeishia hapo, akamalizie.”

Kwa mara ya kwanza alikuwa anasema kweli. Aliaga dunia Jumanne tarehe 12 Agosti 1958, saa nne asubuhi, akiwa nyumbani kwake.

Ameacha mjane, Benedicta. Watoto watatu, Ansbert, Apolonia na Revelian. Wajukuu wawili, na mimi mdogo wake. Familia inamshukuru Mzee Muhdhar kwa benchi lake.

Anselmo yupo hapa nasi, amesimama karibu na Samiha. Kitabu amekimaliza jana. Nilimuuliza kama yule baharia alimkuta mkewe. Akanijibu kwa adabu kwamba kitabu kitakuwa rafuni Jumatatu, niende nikamalizie.

Kaka, lala salama. Mungu akupe pumziko, na huo mwisho akusimulie mwenyewe.