Bi. Dorosela Haule Anaiweka Chini Kalamu Nyekundu

Miaka thelathini na miwili, miezi mitatu na siku kumi na nane. Huo ndio utumishi wa Bi. Dorosela Haule katika Ofisi ya Mapitio ya Mazingira, Kanda ya Njombe, tangu aliporipoti kazini tarehe 12 Machi 1993 hadi leo, Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, anapostaafu kwa mujibu wa sheria. Hesabu hiyo kaifanya mwenyewe. Watu wa utumishi walikuwa wamempunja siku mbili, akawarudishia karatasi yao ikiwa na duara jekundu, wakahesabu upya na kumwomba radhi.

Kamati ya sherehe imenipa kalamu mimi, Methusela Mgaya, Mkuu wa Kanda, yaani mkuu wake wa kazi kwenye karatasi. Wote waliopata kutuona pamoja ofisini wanajua nani alikuwa anamwogopa nani.

Bi. Dorosela, ambaye ofisini tunamwita Mama Erica kwa jina la binti yake wa kwanza, alizaliwa mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Manda, wilayani Ludewa, katika nyumba ya mvuvi. Alifundisha sayansi kwa miaka michache kabla ya kuajiriwa na ofisi hii, enzi hizo Njombe ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Iringa. Alipanda kutoka ziwani akiwa na kandambili, khanga mbili na sweta la kuazima. Ilipofika Julai alitoka alfajiri kunawa uso akakuta maji ya beseni yameganda juu. Alimwita mwenye nyumba kwa kelele, akidhani mtu kamwagia kitu. Mwenye nyumba alicheka mpaka akakaa chini, kisha akampeleka soko la mtaa wa Ramadhani kununua koti la mtumba. Koti hilo bado analo, na leo amekuja nalo.

Chakula chetu nacho kilimpa tabu. Kwa mwaka mzima alishikilia kwamba viazi mviringo ni kitafunwa cha kupisha muda wakati ugali unapikwa. Wenye kumbukumbu watamwuliza kwa nini basi kanunua shamba la viazi.

Kati ya mwaka 1998 na 2006 alifanya kazi kituo chetu cha Makambako, chumba kimoja kisicho mbali na stesheni ya reli. Ulikuwa wakati wa neema kwa wauza mafuta. Njia panda ile ilijaa malori, na kila mwenye kiwanja kando ya barabara alitaka kufungua kituo cha petroli. Mmoja wao aliapa mbele yake kwamba hakuna kisima jirani. Mama Erica hakubishana naye. Alivuka barabara, akaketi kwa mama lishe mmoja, akaagiza wali maharage na kikombe cha maji ya kunywa. Akauliza maji matamu hivi yanachotwa wapi. Mama lishe akaonyesha kwa kidole: pale, nyuma ya ukuta wa yule bwana. Alihesabu hatua thelathini na moja kutoka kisimani hadi lilipokuwa limepangwa kufukiwa tangi la mafuta. Kituo kilijengwa, ila upande wa pili wa barabara.

Huko huko Makambako ndiko ilikozaliwa kalamu nyekundu. Wataalamu wanaoandika ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira wanaifahamu vizuri, wengine wanaiota. Pembeni mwa kila sentensi isiyo na ushahidi huwa anaandika maneno mawili tu: "Nani kakwambia?" Kuna ripoti moja ya mradi wa Ludewa iliyotaja nyumbu miongoni mwa wanyama wa eneo hilo. Ilikuwa wazi kwamba imenakiliwa kutoka ripoti ya mkoa mwingine. Mama Erica aliandika: "Huyu nyumbu alipanda basi gani? Miaka minane niko Makambako, sijamwona akishuka." Mwandishi wa ripoti ile yumo ukumbini leo, na amechangia keki.

Amepitia miradi mia nne na kumi na miwili, kuanzia mashine za chai hadi barabara za kwenda kwenye machimbo. Amefundisha maofisa kumi na saba, watano kati yao sasa ni wakuu wa kanda nyingine. Na ametuachia fomu ambayo kila anayekwenda uwandani katika kanda hii huijaza: ukurasa wa kwanza una nafasi ya tarehe mbili, moja ya masika na moja ya kiangazi. Bila tarehe zote mbili, ripoti hairuhusiwi kufika mezani. Vijana wanaiita fomu ya Mama Erica, na wengi wao wanadhani ilitoka makao makuu. Ilitoka kwenye bonde la Nyalugome, na habari yake inafaa isimuliwe leo, mwenyewe akiwa amekaa mbele na hana pa kukimbilia.

Mwaka 2014 serikali ilikuwa inataka kukodisha kitalu cha kutafutia gesi. Sehemu kubwa ya kitalu ilikuwa upande wa Ludewa, lakini mkia wake ulipanda huku kwetu ukaingia katika ardhi ya umma, iliyokuwa zamani shamba la mifugo la serikali. Ng'ombe walikwisha kuondoka miaka mingi. Kampuni iliyoomba kitalu ilipendekeza kambi yake na bwawa la kumwagia tope la uchorongaji vikae Nyalugome, bonde lililo katikati ya ardhi hiyo. Ripoti yao ilisema bonde halitumiki.

Mama Erica aliongoza timu ya kuihakiki ripoti hiyo. Tulikwenda mwezi Machi. Mvua ilikuwa inanyesha kama haina kwao, gari tulilisukuma mara tatu, na dereva wetu Romani alipoteza kiatu kimoja ambacho mpaka leo anakidai. Bondeni tulikuta maji na majani marefu, hakuna mtu. Kwenye mkutano wa kijiji walikuja wanaume ishirini hivi, wakauliza habari za ajira, wakaridhika. Akina mama walikuwa vilimani wanapalilia. Mwezi Mei Mama Erica akaweka sahihi: bonde halitumiki.

Kisha ikaja Agosti. Alikuwa anapita njia ile kwa kazi nyingine kabisa, akamwambia Romani asimamishe gari. Bonde lote lilikuwa kijani. Mahindi, maharage, kabichi, mifereji imechongwa kwa jembe, wanawake wameinama kila upande. Vilikuwa vinyungu, bustani za bondeni ambazo watu wa huku hulima maji yakishapungua, na huvuna wakati vilima vimekauka na maghala yanaelekea kuisha. Mtoto wa ziwani alikuwa amelisikia neno hilo mara nyingi sokoni. Hakuwa amewahi kuliona bonde likigeuka.

Romani anasimulia kwamba Mama Erica alishuka na koti lake, akasalimia "kamwene", akakaribishwa na bibi mmoja aitwaye Fidelia Mligo, aliyempa hindi la kuchemsha kabla ya kumwuliza shida yake. Mama Erica aliuliza wamelima hapo tangu lini. Bibi akasema tangu bibi yake. Akauliza mbona mwezi Machi hakuna aliyewaambia. Bibi Fidelia alimtazama kwa huruma, akamjibu: "Mwanangu, mlikuja wakati wa maji. Wakati wa maji bonde ni la vyura. Si mngerudi?"

Siku hiyo alihesabu kaya mia moja arobaini na tatu. Hakuna hata moja iliyokuwa na karatasi ya ardhi ile, kwa hiyo kitu pekee ambacho sheria ingeweza kukisikia ni ripoti, na ripoti ilikuwa na sahihi yake. Bodi ya kukodisha vitalu ilikuwa inakaa baada ya siku kumi na moja.

Ieleweke pia kwamba mwaka huo jina lake lilikuwa peke yake mezani kwa nafasi ya Mkuu wa Kanda. Barua ya uteuzi ilikuwa inasubiri kupigwa muhuri. Mkuu aliyekuwa anaondoka, mtu mwema, alimshauri aandike kwamba kumejitokeza taarifa mpya. Maneno hayo yangeliokoa bonde na yangemwokoa na yeye. Mama Erica alikataa. Alisema taarifa yenyewe ina umri wa bibi yake Fidelia, upya wake uko wapi?

Akaandika ukurasa mmoja. "Nilikwenda wakati wa maji, nikaona maji. Nilipaswa kurudi kiangazi, sikurudi. Kosa ni langu. Naomba sahihi yangu iondolewe na bonde la Nyalugome litolewe katika kitalu."

Bonde lilitolewa. Kambi ilihamishiwa kilimani, kilomita nne kutoka pale. Kampuni ilichoronga miezi minane, haikupata ilichokitafuta, ikafunga virago. Nyalugome bado inalimwa. Wiki iliyopita akina mama wa kule walileta ofisini kabichi za kujaza nyuma ya gari, na ndizo mnazozila leo.

Barua ile ya kukiri kosa iliingia katika jalada la Mama Erica na kukaa humo. Muhuri haukupigwa. Nafasi alipewa mtu kutoka nje ya kanda, na mwaka 2021 ilipokuwa wazi tena, waliofungua majalada waliikuta barua ile ile, na nafasi ikaja kwangu. Mtu wa kwanza kunipongeza alikuwa yeye, ameshika samaki wawili wa kukaushwa, mbasa wa kwao ziwani, kwenye gazeti. Sikumwona akinuna hata siku moja.

Hapa ningemalizia, ndivyo kamati ilivyotaka. Lakini kuna jambo ambalo Romani na kamati hawalijui.

Mimi ni Mbena. Nimekulia kwenye kinyungu cha mama yangu, na ada zangu za sekondari zilitoka kwenye maharage ya kinyungu hicho. Machi ile nilikuwa na miezi michache tu kazini, nilisimama Nyalugome na viatu vyangu vikiwa ndani ya maji, na chini ya majani niliyahisi matuta. Nilijua nimesimama juu ya nini. Wataalamu wa kampuni walikuwepo, bosi wangu yupo, nikaona aibu kumsahihisha mkubwa mbele ya wageni. Nikajiambia bila shaka anajua. Barua yake ya Agosti niliipeleka posta mimi. Niliisoma njiani. Ilisema "kosa ni langu", haikusema "letu". Nikaipeleka, nikanyamaza mara ya pili. Nimenyamaza miaka kumi na mmoja, na minne ya mwisho nimenyamaza nikiwa nimekalia kiti chake.

Mwezi uliopita, wakati wa kukabidhiana majalada, nilifunga mlango nikamweleza. Hakuacha kupanga karatasi zake. Akasema: "Baba Edward, hilo nalijua tangu siku ile. Ulikuwa unakanyaga hapa na hapa, unahesabu matuta kwa miguu. Mbena akitulia hivyo bondeni, ana jambo." Nilimwuliza kwa nini basi hakunitaja. Akasema nilikuwa sijamaliza hata muda wa majaribio ya kazi, wangenifukuza. Yeye wangemnyima cheo tu. Kisha akanikataza nisiliandike hili popote, akaniuliza kama nimekwisha kunywa chai.

Mama Erica, nimekaidi. Asubuhi ya leo, kabla jalada lako halijafungwa na kupelekwa makao makuu, nimeweka ndani yake barua yangu ya ukurasa mmoja, nimeibana pamoja na ile yako ya mwaka 2014 ili atakayeifungua moja aione na nyingine. Nakala nimempelekea Katibu Mkuu, na lolote atakaloamua nitalipokea. Nimeeleza nilichokijua, na tarehe niliyokijua. Sentensi ya mwisho inasema: "Kosa lilikuwa letu, na aliyelibeba ni yeye." Sahihi yangu iko chini yake, na sitaomba iondolewe.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kanda, wa Njombe na wa Makambako, na kwa niaba ya kaya mia moja arobaini na tatu ambazo leo ziko bondeni zinalima, tunasema ahsante. Shuka salama nyumbani kwenu ziwani. Mungu akupe afya, akupe wajukuu wa kuwauliza nani kawaambia, na koti lile likae kabatini, huko kuna joto.