Karatasi Shingoni mwa Ng'ombe

Kwenye benchi langu hapa Nyarero, kahawa nachemsha mimi Nashoni, maneno wanachemsha wao. Siku nyingi nawaacha tu. Lakini Ijumaa ile Nchagwa alikuja mbio, hajasalimia mtu, akamwaga juu ya benchi karatasi sita ngumu za boksi. Kila moja imetobolewa, imepitishwa kamba ya katani, na imeandikwa neno moja la Kiingereza. Alizikata asubuhi ile shingoni mwa ng'ombe wake wote sita. Waliokuwepo ni Matiko, tunamwita Profesa kwa sababu mtihani wa kidato cha nne aliufanya mara tatu, na Mseti, tunamwita Doria, aliyewahi kulinda geti la hoteli ya watalii kule Ikoma.

— Nimeingiliwa! Ng'ombe wangu wamewekwa alama!

— Na mbwa hakubweka? akauliza Doria.

— Hata kidogo.

— Mura, ndugu yangu, hapo kuna mtu wa ndani.

— Profesa, soma hizo, akasema Nchagwa.

Profesa akazishika kwa ncha za vidole.

— Compare. Estimate. Aisee, hiki ni Kiingereza cha ofisini! Estimate ni kukadiria. Kuna mtu amekadiria ng'ombe wako.

— Nani?

— Wapima mipaka ya hifadhi, akadakia Doria. Wanaandika ng'ombe kwanza, shamba baadaye. Haba na haba hujaza kibaba.

— Wangu hawajavuka hata barabara!

— Ndiyo maana wamefuatwa nyumbani.

— Hapana, akasema Profesa. Ni wezi. Wezi wa siku hizi wamesoma, bwana. Wanagawana kabla ya kuiba: huyu wako, huyu wangu.

— Wezi gani waandike? akapinga Doria. Hiyo ni setilaiti! Inasoma kutoka juu. Huko Ulaya sasa hivi wanajua ng'ombe wa Nchagwa anakojoa mara ngapi. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Upuuzi mtupu, na Nchagwa anaumeza wote.

— Nimeshakata shauri, akasema. Kesho mnadani, wote sita. Na leo nimemzuia Gati asiende shule, alinde zizi.

— Jumatatu binti yako si ana mtihani wa taifa wa kidato cha pili? nikamuuliza.

— Mtihani unatoa maziwa?

— Gati mwenyewe ulimuuliza habari ya karatasi?

— Alitaka kusema kitu. Nikamwambia huu si wakati wa watoto kuongea.

Hapo akatokea mwalimu Honoratha, anayefundisha Kiingereza, aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwalimu.

— Mzee Nchagwa, nilikuwa naenda kwako. Gati hajaonekana shuleni.

Macho yake yakaangukia benchi. Akaokota karatasi moja, akaigeuza.

— Huu ni mwandiko wa Gati.

— Wa Gati?

— Haya ni maneno ya maswali ya mtihani, yapo kila somo. Linganisha, kadiria, toa ushahidi. Gati majibu anayo; muulize kwa Kiswahili, atakujibu mpaka uchoke. Swali la Kiingereza ndilo linalomwangusha. Niliwaambia darasa zima, andikeni maneno, yawekeni pale macho yenu yanapopita kila siku. Wenzake wamebandika ukutani. Yeye akaniambia ukutani hapati nafasi ya kutazama.

Doria akakohoa. Mwalimu akamgeukia Nchagwa, kwa upole tu:

— Mzee, nyumbani Gati husoma saa ngapi?

— Alfajiri anakamua, akaanza Nchagwa. Akitoka shule, maji. Halafu anarudisha ng'ombe, anakamua tena. Halafu anapika. Halafu...

Profesa akawa anatazama ndani ya kikombe chake. Doria, mwenye jibu la kila kitu hadi la angani, akaninyooshea kikombe nimwongeze kahawa. Birika lilikuwa limekauka, na hata lingejaa nisingemmiminia. Nilikuwa na hasira nao, na mimi mwenyewe nikiwemo.

Nchagwa akazikusanya karatasi moja moja, akazipangusa vumbi kwa shati lake.

— Mwalimu, ya yule mwekundu mwenye baka ilikuwa ipi?

— Mimi sijui, mzee. Anayejua ni Gati.

Akaondoka mbio kama alivyokuja, hajaaga mtu.