Vichupa Vitano vya Edinah Chepkosgei

Marehemu Edinah Chepkosgei alizaliwa Roret tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kimeli na Mama Rebeccah. Wawili waliomtangulia walifariki wakiwa wachanga, kwa hiyo huyu alilelewa kama yai.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani na kuhitimu shahada ya kemia mwaka 1985. Mwaka 1988 alifunga ndoa na Mwalimu Okello, wakajaliwa binti, Maxine.

Kuanzia 1994 alifanya utafiti Uingereza, akitengeneza chembe za semikondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme nusunusu, zisizoonekana hata kwa darubini ya shule. Alirudi Desemba 1996 na vichupa vitano vilivyozibwa kabisa, vyote vyenye chembe za kitu kimoja. Alipovimulika kwa taa yake ya zambarau, cha kwanza kiliwaka buluu, cha mwisho chekundu. Mama alitoka mbio, akasema uchawi haulali kwake.

Edinah alimfuata nje, akamkumbusha kiwanda cha chai alikofanya kazi Mzee: jani ni lile lile, chekecheo ndilo huligawa kwa ukubwa.

"Mama, tofauti ni ukubwa tu. Chembe ikiwa ndogo, umeme wake unabanwa, inatoa mwanga wa nguvu, buluu. Ikikua inaenda kijani, manjano, mpaka nyekundu."

Mama aliuliza, "Basi wale wangu wawili waliokufa wakiwa wadogo, wako kwa hii ya buluu?"

Edinah alicheka, kisha akaona Mama hacheki.

Februari 1998 figo zilianza kumsumbua, naye akaletwa auguzwe kwa Mama. Kila jioni Mama aliwasha ile taa na kuzungumza na kichupa cha buluu, akitaja majina mawili ambayo sisi jamaa zake hatukuwahi kuyasikia. Tuliogopa, hatufichi. Edinah alituita, akasema, "Hivyo vitu viko na sumu. Virudishwe maabara kabla sijazikwa. Mama asibaki navyo. Niahidini." Tukaahidi.

Alifariki Jumanne, tarehe 10 Novemba 1998, alfajiri, akiwa na miaka thelathini na saba.

Ameacha mumewe Okello, binti yake Maxine, dada yake Phyllis, na Mama Rebeccah, ambaye hayupo hapa kaburini. Amejifungia chumbani na vichupa. Tumebisha tangu asubuhi, naye anatuuliza jambo moja tu kupitia mlangoni: amtafute Edinah kwenye rangi gani.

Mungu akulaze pema, Edinah. Utusamehe, ahadi hatujaitimiza.