Bamba la Chumba cha Boila: Kumuaga Mzee Alimohamed

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Alimohamed anakabidhi funguo za chumba cha boila baada ya miaka thelathini na mmoja katika majengo yetu manne hapa Weston. Ofisi imeshamwandikia wasifu wa Kiingereza. Una mistari minne, na miwili kati yake inasifu boila mpya. Huu ni wa kwetu sisi tunaokula naye mchana. Mimi Almina wa dawati la wapangaji nimeuandika nikiwa na hasira, na anayetaka maneno matamu tu asubiri keki.

Alizaliwa Tanga, akaja Canada na wazazi wake akiwa na miaka kumi na minne. Alipofika ishirini aliwashangaza jamaa wote wa msikitini kwa kujiunga na jeshi la majini, wakati vijana wenzake walikuwa wanasomea uhasibu. Alikaa miaka kumi na minne tumboni mwa manowari, kwenye chumba cha injini, akihangaika na boila na mvuke. Meli yenyewe siitaji jina. Ameniomba nisiitaje.

Alipoajiriwa hapa mwaka 1994 alikuja na tabia za melini. Sakafu aliiita sitaha mpaka wapangaji wakazoea. Boila aliipa shikamoo kila asubuhi, na tulimcheka hadi tukachoka. Kuna Januari moja jengo la tatu lilikosa joto, mkandarasi akaja na kompyuta yake, akazunguka saa mbili nzima bila kuona kitu. Mzee aliweka sikio kwenye bomba, akaenda moja kwa moja kwenye valvu iliyokwama. Tangu siku hiyo Bi Roshanara wa ghorofa ya kumi na moja humletea sambusa kila Ijumaa, nasi tumenenepa kwa jasho la mwenzetu.

Nyingine ni desturi ambayo lazima niieleze vizuri. Kule melini, juu ya pampu ya mafuta, palikuwa na bamba la shaba. Kila aliyehama chumba cha injini alichonga jina lake mwenyewe kwa tindo na nyundo siku yake ya mwisho, wenzake wakimtania jinsi herufi zinavyokwenda upande. Rafiki yake mkubwa, Yvan, hakuwahi kuchonga lake. Bomba la mvuke lilipasuka, akafa akiwa na miaka ishirini na sita, na Alimohamed ndiye aliyemchongea. Mjane wa Yvan, Yvette, hakupata kuliona jina hilo hata siku moja, maana familia hazikushuka kule chini. Alimohamed alimuahidi kwamba siku meli ikistaafu atamletea bamba mkononi.

Meli ilistaafu, ikakaa gatini miaka mingi. Ikatangazwa kwamba itazamishwa katika mazoezi ya kulenga shabaha. Mzee aliiandikia kampuni iliyopewa kazi ya kuisafisha kabla ya kuzamishwa. Aliandika barua tatu, kwa adabu zote, akiomba bamba moja lililoshikwa na skrubu nne, akajitolea kwenda kulifungua mwenyewe kwa nauli yake. Akajibiwa kwamba ombi lake linashughulikiwa. Akangoja. Kosa lake lilikuwa hilo tu, kuamini kwamba kuna mtu alikuwa anashughulika.

Septemba mwaka jana tulikuwa tunakula, Malek, fundi wetu wa umeme, akatuonyesha video kwenye simu. Kombora, moshi, pua ya meli inainuka, watu wanapiga makofi. Mzee aliishika ile simu kwa mikono miwili.

"Rudisha nyuma, bwana," alisema. "Hapo. Chini ya hilo tundu ndiko kwetu."

Akatuomba radhi, akatoka nje kumpigia Yvette. Barua ya kampuni ilifika wiki tatu baadaye: ombi bado linashughulikiwa. Nimeisoma kwa macho yangu. Najua jeshi lazima lifanye mazoezi, na najua meli kuukuu lazima iishie mahali. Sina ugomvi na kombora. Kinachonichoma ni skrubu nne ambazo hakuna aliyetaka kunyanyuka kitini akazifungua.

Sasa sikilizeni ya kwetu. Desturi ile Mzee aliianzisha hapa pia. Nyuma ya boila pana bamba la shaba, na kila fundi aliyeondoka tangu 1994 amechonga jina lake. Majina ni kumi na saba. Agosti ofisi ilitangaza kwamba boila hiyo kuukuu itakatwakatwa Jumatatu hii inayokuja, siku tatu baada ya Mzee kuondoka. Akaomba apewe bamba. Akaomba kwa barua, si unamjua. Na wao wakamjibu, jamani nilitaka kurusha kikombe, kwamba ombi lake linashughulikiwa.

Juzi Jumatano mchana, Malek na mimi tulishuka na bisibisi. Skrubu zilikuwa sita, moja imeliwa na kutu ikamchana Malek kidole. Tulipolipangusa bamba kwa mafuta ya taa, rangi ya zamani ilitoka sehemu ya juu kabisa, na chini yake tukakuta jina la kumi na nane, pamoja na mwaka 1994. Linasomeka Yvan. Hatujawahi kuwa na fundi wa jina hilo. Mzee alimchonga mwaka wake wa kwanza hapa, wapaka rangi wakapita juu yake, naye hakumwambia mtu.

Kwa hiyo, Mzee wetu, ukiwa unasoma karatasi hii ukumbini, bamba liko chini ya meza ya keki, limefunikwa kwa kitambaa cha Bi Roshanara. Tindo na nyundo ziko pembeni yake. Ofisi ikilitafuta, dawati langu inalijua. Asante kwa kutupa joto miaka thelathini na mmoja. Sasa lala mpaka saa nne asubuhi, usiamkie tena kitu chenye mvuke isipokuwa chai, na Mungu akupe umri mrefu wenye afya, wewe pamoja na wanao.

Nafasi ya jina lako ipo, chini kabisa. Lakini usianze kuchonga. Yvette amekaa mstari wa mbele, ametoka Montreal kwa treni akidhani amealikwa keki tu, na Kiswahili hasomi. Mpe alishike kwanza.