Jana Ulikula Nini?

Risala ya wanafunzi wa mwaka wa tatu, Idara ya Lishe na Afya ya Binadamu, siku ya kuzindua kitabu "Mwanafunzi Wetu Anakula Nini"

Mgeni rasmi, Daktari Fortunat, uliye pia Mwenyekiti wa Baraza la Chuo, walimu wetu, wazazi mliopanda mlima wa Gihosha kwa jua hili, wanafunzi wenzetu,

Kila Jumanne saa mbili asubuhi tunakaa wawili wawili na kuulizana swali moja: jana ulikula nini? Mmoja anauliza, mwenzake anajibu tangu alipoamka hadi alipolala, na muulizaji anaandika. Ndiyo njia tuliyofundishwa ya kujua watu wanakula nini. Jumanne moja, wiki nne zilizopita, mwenzetu Candide alikuwa anajibu. Alisema, "Asubuhi chai ya maziwa na mkate. Saa sita bugali, mboga ya lengalenga na..." Hakumaliza. Aliteleza kutoka kwenye benchi akaanguka kwa ubavu, na karatasi ikabaki imeishia kwenye neno "na".

Tunaanza hapo, mgeni rasmi, kwa sababu kitabu ulichokuja kuzindua kimetengenezwa kwa karatasi kama hiyo.

MAKARIBISHO

Karibu sana. Tunajua una shughuli nyingi, na umekubali kuja.

Mimi ninayesoma naitwa Hiba. Sauti yangu ni ndogo, na wenzangu wanaozungumza vizuri kuliko mimi ni wengi. Walinichagua kwa sababu naishi na wazazi wangu, wazazi wana duka, na asubuhi ya leo nimekunywa chai. Walisema, angalau Hiba hataanguka.

HISTORIA YETU

Tulianza tukiwa arobaini na mmoja. Wengi wetu wametoka mikoani na wamepanga Kamenge, watatu au wanne chumba kimoja. Tulipofika mwaka wa kwanza tulikuta jiko nyuma ya maabara, na mpishi, Mama Caritas, aliyetupakulia bugali na maharagwe kila siku saa sita.

Mwaka wa pili tukafundishwa kuuliza swali la jana. Kanuni zake ni tatu. Usimtajie mtu chakula ambacho hakukitaja mwenyewe. Akimaliza mlo mmoja, uliza, "Na baada ya hapo?" Ya tatu, usionyeshe mshangao usoni; unachoambiwa, andika.

Hapo ndipo tulipokosea. Sisi tunajua sahani nzuri inavyotakiwa kuwa, kwa hiyo swali la jana tulilijibu kama swali la mtihani. Aliyelala bila kula alitaja maharagwe, mboga na tunda. Tuliona aibu, mwanafunzi wa lishe kusema hajagusa mboga wiki nzima, na baadhi yetu tulidhani sahani mbaya itatupunguzia alama. Bonfils alitaja mukeke wa kuchoma Jumanne tatu mfululizo, mpaka Elsa aliyekuwa akimwandikia akamwambia, "We Bonfils, utatumalizia samaki yote ya ziwa!" Naye akamjibu, "Andika tu, docteur. Kanuni ya tatu." Tulicheka darasa zima. Elsa akaandika.

MAFANIKIO

Karatasi hizo zilikusanywa kwa miezi minane, zikawa majedwali, na majedwali yakawa hicho kitabu cha jalada la kijani kilicho mbele yako. Ukurasa wa kumi na saba unasema kwamba katika kila wanafunzi kumi wa idara hii, tisa wanakula milo mitatu kwa siku. Walimu wetu hawakudanganya mahali popote. Walihesabu tulichowapa.

Tumefanikiwa pia kupima watoto mia mbili na sita kule Buterere na kuwafundisha mama zao kuchanganya vyakula. Siku moja mama mmoja, ambaye maji yalikuwa yamechukua mpunga wake wote, alimshika Candide mkono akauzungushia ule utepe tunaopimia utapiamlo wa watoto. Akasema, "We mwana, mi unanifundisha kula. Na weye, nani anakupikiaka?" Kina mama walicheka, na Candide akacheka nao. Sisi tuliokuwa karibu tuliisoma namba kwenye utepe. Hakuna aliyeiandika.

CHANGAMOTO

Baraza lilipata majedwali kabla ya kitabu kuchapwa. Mwezi wa kwanza mwaka huu jiko likafungwa, likawa stoo ya kompyuta. Tulielezwa kwamba chuo hakina sababu ya kumpikia mtu anayekula mara tatu, na hatuwezi kumlaumu aliyesema hivyo. Kwenye karatasi, mlo wa Mama Caritas ulikuwa mmoja kati ya mitatu. Kwa wengi wetu ulikuwa huo huo mmoja. Mingine miwili tuliitunga. Na hata baada ya jiko kufungwa, Jumanne zilipofika, tuliendelea kutunga, kwa sababu hatukujua namna ya kuacha.

Candide alipoanguka, aliyekimbia wa kwanza alikuwa Mama Caritas, ambaye siku hizi anauza ndizi mbivu nje ya geti. Alimpa maji ya sukari kidogo kidogo, kisha akatugeukia. "Nyinyi muko na makaratasi mingi. Mi sikuandikaka kitu, lakini nilijua nani anakwangua sahani."

Aliyekuwa anaandika majibu ya Candide asubuhi ile ni mimi. Nilijua chai ile haikuwepo. Nilikuwa na mkate kwenye mfuko na kalamu mkononi, na nikafuata kanuni ya tatu.

Candide amerudi kwao. Mitihani inaanza Jumatatu. Juzi alituma ujumbe kuhusu benchi lake: "Banc yangu muipe mutu mwingine." Hata jiko likifunguliwa leo mchana, yeye hatutarajii kumwona tena.

MAOMBI

Ilikuwepo risala nyingine, iliyopitishwa wiki iliyopita. Inataja "changamoto ndogondogo" na kuomba mizani mpya. Tunawaomba radhi walimu wetu kwa kuiweka pembeni. Hatuhitaji mizani. Hatuna kitu kipya cha kupima.

Tunaomba kitabu hiki kisizinduliwe. Tumesikia kitapelekwa kwenye vyuo vingine, na huko nako kuna majiko. Tukinyamaza, uongo wetu utafunika sufuria za watu tusiowajua, ambao huenda wao walijibu kweli.

Tunaomba chakula cha saa sita kirudi, hata kikiwa maharagwe matupu. Hatujui kama utakubali. Waliodanganya miezi minane hawana haki ya kuaminiwa siku ya kwanza wanaposema kweli. Tumelizungumza hilo kati yetu, na baadhi yetu walisema hakuna maana hata ya kuisoma risala hii. Tumeisoma kwa ajili ya benchi moja lililo wazi.

Ombi la mwisho ni dogo. Utuulize tena lile swali, wewe mwenyewe, hapa mbele ya watu.

Mwenyezi Mungu akurudishe nyumbani salama, akukutanishe na watu wako wakiwa wazima, na meza yako isipungukiwe. Walio Waislamu kati yetu na walio Wakristo wamekuombea hivyo asubuhi hii, kila mmoja kwa namna yake.

Siku ile, Candide alipofumbua macho sakafuni, alinishika ushungi akaninong'oneza: "Hiba, futa. Jana sikukula." Ni jibu la kwanza la kweli kutoka darasa letu, na mimi sikulifikisha kwa mtu. Leo wenzangu wamekubali nilitamke kwa sauti, liwe letu sote.

Mgeni rasmi, mimi jana nilikula. Sisi hatukula.

Ni sisi, wanafunzi arobaini tuliobaki,
Mwaka wa Tatu, Lishe na Afya ya Binadamu,
Gihosha, Bujumbura.